Magugu Nyuma ya Ghala la Shimanzi

Aidarus bin Mahsen alizaliwa Kuze, Mombasa, akaoa Kuze, akalea wanawe Kuze, na mpaka siku aliyostaafu hakuwa ameshika jembe hata mara moja. Kwao hawakuwa wakulima. Babu yake alipika halua, baba yake aliuza vitambaa mtaa wa Biashara, na yeye alipomaliza shule alipata kazi kwenye ghala la nafaka Shimanzi, kazi ya kusimama mlangoni na kukagua magunia yanayoingia na yanayotoka. Aliifanya kazi hiyo mpaka ndevu zikawa nyeupe. Mtama aliujua kwa kuutia kiganjani na kutafuna punje mbili tatu: huu mkavu, huu una unyevu, huu umekwisha kuingiwa na fukusi. Mmea wenyewe hakuwahi kuuona ukiwa umesimama.

Mwenye ghala alipofariki, biashara ilirithiwa na mwanawe, Hussam, kijana wa heshima aliyekuwa akimwita Aidarus ami tangu utotoni. Lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Nafaka siku hizi ilishushwa melini kwa mitambo na kumiminwa moja kwa moja kwenye malori, na ghala likafanywa la bidhaa za makontena. Mtu wa kutazama magunia hakuhitajika tena. Aidarus aliagwa kwa biriani na dua, akarudi nyumbani, akakaa.

Kukaa kulimshinda. Najla, mkewe, alimvumilia kwanza, kisha akachoka kumkuta jikoni akipanga upya makopo ya viungo.

"Bwana, toka," alimwambia asubuhi moja. "Nenda hata huko Shimanzi ukaamkuane na watu. Mimi makopo yangu nayajua yalipo."

Akaenda. Alisalimiana na mabawabu, akanywa kahawa na madereva waliokuwa wakingoja zamu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akalizunguka ghala mpaka nyuma, mahali ambapo miaka yote ya kazi hakuwa na sababu ya kufika. Kati ya ukuta na ua wa reli palikuwa na ukanda mrefu wa ardhi tupu, na kwenye ncha yake ya mbali alikuwako mwanamke mmoja, kanga imekazwa kiunoni, akilima.

"Sabalkheri, mama."

"Salama, mzee. Umepotea njia?"

"Hapana. Nilikuwa nikifanya kazi hapa zamani. Wapanda nini?"

"Mtama. Mahindi hapa hayawezi, chumvi ni nyingi."

Jina lake lilikuwa Dama, lakini pale kila mtu alimwita Mama Sidi. Kwao ni Ganze, na kazi yake ilikuwa kufagia yadi ya makontena. Akimaliza kufagia, alikuja huku nyuma kulima. Aidarus alimuuliza ardhi ile ni ya nani. Dama alisema huenda ni ya mwenye ghala, huenda ni ya reli, ila yeye hakuna aliyemuuliza.

Siku ile ile Aidarus alipanda juu kwa Hussam. Hussam alicheka kwa furaha.

"Ami, lima mpaka uchoke. Ule ukanda hauna kazi. Ukihitajika nitakwambia."

Basi ndivyo mtu wa Kuze alivyokuwa mkulima uzeeni. Kwenye baraza wenzake walimcheka, wakamuuliza kama atawaletea muhogo. Yeye hakujali. Alinunua jembe Mwembe Tayari, Dama akamfundisha kupanda kwa mistari, mvua ya masika ikanyesha, mtama ukaota. Mara ya kwanza alipoyaona yale majani mabichi yakitokeza kwenye udongo mweusi wa Shimanzi, pale alipozoea kuona mafuta ya malori tu, alisimama akitazama mpaka adhana ya adhuhuri ikamkumbusha.

Aidarus alikuwa mtu wa unadhifu. Kanzu yake haikuwa na doa, na ghala lake lilikuwa likifagiwa hata penye kona zisizoonekana. Shamba nalo alilitunza hivyo hivyo. Kila jani lisilo mtama aling'oa, akapalilia mpaka chini ya ukuta, akakwangua mpaka kwenye ua wa reli. Upande wake ulikuwa kama uwanja wa msikiti. Upande wa Dama ulikuwa fujo. Dama alipalilia katikati ya mistari, lakini pembezoni aliacha vitu viote: mchunga wenye maua ya manjano, mgagani, na kishonanguo ambacho kila ukipita kinakujaza mbegu zake nguoni.

"Mama Sidi, hivi huvioni?" alimuuliza.

"Naviona. Mchunga na mgagani ni mboga. Hicho kingine nimekiacha tu, mgongo waniuma."

Mtama ulipomfika kifuani, ulianza kuugua. Aidarus aligeuza jani akakuta upande wa chini umejaa vidudu vidogo vya rangi ya manjano iliyopauka, vimebanana kama ufuta juu ya mkate. Dama aliviita vidukari. Vilikuwa vikifyonza maji ya jani na kutoa utomvu mtamu uliodondokea majani ya chini, na juu ya utomvu ule ukaota ukungu mweusi kama masizi. Kila siku vilizidi. Aidarus akawa akija asubuhi na kitambaa chenye unyevu, anapangusa jani moja moja. Akaona pia mdudu mwingine mbaya kumtazama, mweusi, ana madoa ya manjano, mwili wake wa magamba kama mamba mdogo, akitembea katikati ya vidukari. Huyu alimponda kwa kidole kila alipomkuta. Alihisi huyu ndiye baba yao.

Upande wa Dama vidukari vilikuwako, ila havikuongezeka namna ile. Vilikuja, vikafika kiasi, kisha kama vikapungua. Dama mwenyewe hakuweza kueleza.

"Labda mbegu yangu ni kali," alisema.

Jumamosi moja Bayan, binti yake Aidarus, alikuja kumtazama. Bayan alikuwa mwalimu wa baiolojia kwenye shule ya wasichana, na alikuwa na tabia ya kubeba lenzi ndogo mkobani kama wengine wanavyobeba wanja. Aliinama kwenye mtama wa baba yake, akageuza majani, kisha akaenda upande wa Dama, akakaa kitako kabisa kwenye magugu na baibui lake.

"Baba, njoo."

Akampa lenzi. Juu ya ua la mchunga alikuwako nyigu mweusi, mdogo kuliko sisimizi, akinywa utamu wa ua. Bayan alimwambia nyigu yule hutaga yai ndani ya kidukari, na kinda akianguliwa humla kidukari kwa ndani. Akamgeuzia jani la mtama wa Dama, akamwonyesha vidukari waliovimba na kukauka, rangi ya maganda ya karanga, kila mmoja na kitundu mgongoni ambapo nyigu mpya alitokea. Akamwonyesha inzi wa mistari ya manjano anayeelea angani bila kusogea, kisha anatua kwenye kishonanguo. Huyo naye, makinda yake hula vidukari.

"Na huyu?" Aidarus aliuliza. Mamba wake mdogo mweusi alikuwa akipita kwenye jani.

Bayan akatabasamu. "Huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa madoa meusi, yule wa mviringo watoto wanayempenda. Akiwa mdogo ndivyo alivyo. Anakula vidukari kutwa."

Aidarus alikitazama kidole chake.

"Wakubwa wao wahitaji maua," Bayan aliendelea. "Wahitaji pahali pa kujificha jua, na vidukari wengine wa kwenye magugu wa kuwalisha kabla mtama haujaota. Wewe umewasafishia kila kitu, Baba. Wakija, hawakuti pa kukaa. Lakini na Mama Sidi asiache magugu yakaingia ndani ya mistari, yatamnyang'anya mtama chakula. Pembezoni tu, na yakatwe yasipite magoti."

Dama alikuwa amesimama nyuma yao na ufagio. "Kumbe mgongo wangu ulikuwa na akili," akasema, na wote watatu wakacheka.

Msimu ule Aidarus alivuna masuke mepesi yenye masizi. Lakini mvua za vuli zilipokaribia, alifanya jambo ambalo Najla hakuliamini alipolisikia: alienda kwa makusudi kutafuta mbegu za magugu. Alisugua vichwa vya mchunga upande wa Dama, akanyunyiza mbegu chini ya ukuta na kando ya ua wa reli. Kishonanguo hakikuhitaji kupandwa, kilikuja chenyewe kwenye kikoi chake. Mtama ulipoota, pembeni palikuwa pamekwisha chanua. Kila asubuhi alikaa kwenye kreti ya soda, miwani imeshuka puani, akitazama. Vidukari walikuja. Mkono ulitaka kitambaa, lakini alijizuia. Wakaja wekundu. Wakaja wale inzi wanaoelea. Kisha akaanza kuona vidukari waliokauka kama maganda ya karanga chini ya majani, wengi, na akawa akiwatazama kwa furaha ile ile aliyokuwa nayo zamani akisikia meli imeingia.

Aliwajua mpaka tabia zao. Alijua kwamba wekundu hupenda jua la asubuhi na mchana hushuka chini ya mgagani. Alijua kwamba upepo ukiwa mkali nyigu hawatoki. Kwenye baraza alianza kuwaeleza wenzake, na wao walimsikiliza kwa adabu kama wanavyomsikiliza mtu anayesimulia ndoto yake.

Mavuno yalimkuta mwezi wa Shaabani. Mtama ulikuwa mzito, mweupe, safi. Alitafuna punje kama alivyozoea mlangoni pa ghala, na safari hii hakuna mtu aliyengoja jibu lake. Ramadhani ilipoingia Najla aliusagisha, akapika uji wa mtama na tui, akautia pilipili manga, akawapelekea majirani wa uchochoro mzima. Mabakuli yalirudi matupu, na kila lililorudi lilikuja na neno. Hata wale wa baraza walisema kwamba uji wa dukani hauna ladha ile. Dama alipeleka wake Ganze na akarudi na nazi. Aidarus alisema baadaye kwamba mwezi ule alifunga mwepesi kama kijana.

Masika yakarudi. Wakapanda tena.

Asubuhi moja ya Jumatatu, mtama ukiwa umepita magoti, Aidarus alifika akakuta watu wawili wamevaa mabuti na barakoa, mabomba ya dawa mgongoni. Walikuwa wameanzia upande wa lango. Chini ya ukuta majani yalikuwa yakimeta kwa maji, na harufu ya dawa ilimfika kooni kabla hajasalimu.

"Mwafanya nini, vijana?"

Mmoja alishusha barakoa. "Shikamoo, mzee. Twapiga dawa ya majani."

"Marahaba. Nani kawatuma?"

"Ofisi. Usiwe na wasiwasi, mtama wako hatuugusi. Twapuliza chini chini. Ni haya magugu tu."

"Ndiyo hayo magugu nisiyotaka yaguswe."

Kijana alimtazama, akamtazama mwenzake. Hakuwa mtovu wa adabu. Alionekana kumhurumia, kama mtu aliyekutana na mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Mzee, mimi nimetumwa. Kama wataka nisimame, zungumza na wao huko juu. Wakinipigia simu nasimama saa hiyo hiyo."

Aidarus alipanda ngazi mbio, mkono ukishika kanzu. Hussam alikuwa kwenye kikao. Akangoja kwenye kiti cha nje. Kupitia dirishani aliwaona wale vijana wakitembea polepole sambamba na ukuta, mkono wa kushoto ukipampu, wa kulia ukipeperusha mrija kulia na kushoto, bila haraka. Alimwona Dama pia, upande wa yadi, amesimama na ufagio wake akitazama huko huko. Hakusogea. Mkataba wake ulikuwa wa kufagia, na msimamizi alikuwa palepale.

Mlango ulipofunguliwa, vijana walikuwa wamekwisha fika ncha ya mbali.

Hussam alimshika mkono, akamkalisha, akamwagizia chai. Alimsikiliza mpaka mwisho. Aidarus alieleza vibaya. Alianza na nyigu, akarudi kwenye maua, akasahau kumtaja Bayan, akataja uji. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda na akaona aibu.

"Ami," Hussam alisema, "wallahi ningejua ningekupigia jana. Lakini jambo lenyewe ningelifanya tu. Tuna mteja mpya, aweka chakula cha kwenda ng'ambo. Wakaguzi wake walikuja, wakaona nyasi zimegusa ukuta. Wakasema hapo ni maficho ya panya na nyoka, na pasiposafishwa waondoa mzigo wao. Nikawaambia ni shamba la ami yangu. Wakasema mtama utavunwa, kisha basi."

"Kisha basi?"

Hussam aliangalia chai. "Patamwagwa zege. Mwezi wa nane. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Aidarus hakumlaumu. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi siku zilizofuata, kwamba alipomtafuta wa kumlaumu hakumpata. Panya walikuwako kweli. Yeye mwenyewe miaka yote ya ghala alikuwa akipigana nao. Angekuwa bado yuko mlangoni, pengine yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuagiza magugu yale yaondoshwe.

Magugu hayakufa siku ile. Kwa siku chache yalisimama kama kawaida, maua yakiwa wazi, na wadudu bado wakiyaendea. Kisha mchunga ukaanza kuwa wa manjano toka ncha, mgagani ukainama, kishonanguo kikageuka rangi ya kutu. Yalinyauka yakiwa yamesimama. Mtama, kama kijana alivyoahidi, haukuguswa. Ulibaki kijani peke yake katikati ya ukanda wa nyasi mfu, na Aidarus alipoutazama aliuona kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Vidukari walirudi baada ya mvua kubwa ya mwezi wa tano. Safari hii hapakuwa na upande wa Dama na upande wa Aidarus, pote palikuwa sawa. Walitambaa toka jani la chini mpaka la juu, wakaingia kwenye shingo ya masuke yaliyokuwa bado hayajafunguka. Dama alinyunyiza majivu, mvua ikayaosha. Wakachanganya sabuni na maji wakapiga kwa bomba la kusafishia vioo. Vidukari wa mbele walikufa, na kesho yake nafasi zao zilikuwa zimejaa. Aidarus alirudia kitambaa chake. Alipangusa mpaka vidole vikaganda kwa utomvu, na alipofika mwisho wa mstari, mwanzo wake ulikuwa kama hakuugusa.

"Mzee, pumzika," Dama alimwambia.

"Nikipumzika watapungua?"

"Hawatapungua. Lakini wewe utakuwa umepumzika."

Hapo ndipo alipofikiria Kikowani. Makaburini kule, tangu utoto wake, hapajawahi kukosa magugu. Alienda baada ya swala ya alfajiri, jua likitoka, na chupa ya plastiki yenye matundu aliyoyatoboa kwa sindano ya Najla. Aliwasalimu waliolala, akamwombea baba yake, kisha akaanza kuinama. Mchunga ulikuwa umejaa kati ya makaburi, na kwenye mchunga walikuwako wekundu, wanaota jua. Aliwaokota mmoja mmoja kwa ncha ya jani. Mtu aliyekuwa amekuja kuzuru alisimama akimtazama mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono akikusanya wadudu makaburini, akakusudia kuuliza, akaona bora apite.

Aliibeba chupa mpaka Shimanzi, ameikinga na jua kwa mkono. Dama alimngoja. Walisogea katikati ya mtama, Aidarus akafungua kifuniko akaigonga chupa polepole. Wekundu walimwagika juu ya majani, juu ya vidukari wenyewe, chakula tele. Wachache walianza kula. Mmoja alipanda mpaka ncha ya jani, akapasua mgongo wake mwekundu, akatoa mabawa, akaruka. Mwingine akamfuata. Walivuka ua wa reli, wakapita juu ya mabehewa, wakapotea upande wa bahari. Kufika adhuhuri, Aidarus alitafuta jani kwa jani akawapata wawili.

Jioni alimpigia Bayan.

"Baba, hufanya hivyo wakihamishwa," Bayan alisema kwa upole. "Hutawanyika. Na hapo hawana pa kukaa wala maua. Mdudu hakai kwa kubembelezwa."

"Basi nifanye nini?"

"Magugu yangeota tena kama pangeachwa. Labda msimu mmoja, miwili. Lakini umesema patamwagwa zege."

"Ndiyo."

"Basi sijui, Baba."

Alimshukuru. Hakukumbuka binti yake kuwahi kumwambia sijui katika jambo la somo lake.

Walivuna walichovuna. Masuke mengine hayakufunguka kabisa, yaliganda kwa utomvu na masizi. Dama aliyakata mabua akampa mwenye mbuzi wa Majengo, na mbuzi wenyewe waliyanusa kwanza. Mwezi wa nane mashine ya kuchanganya zege ilikuja kama Hussam alivyosema. Hussam alimpigia ami yake simu siku moja kabla, na Aidarus akamshukuru kwa kumjulisha. Hakwenda kutazama. Dama ndiye aliyemhadithia: walisawazisha asubuhi, wakamwaga mchana, na yeye sasa ameongezewa pale pa kufagia.

Vuli ilipoanza, Dama alikwenda Ganze kwa msiba wa shangazi yake. Jumapili moja simu ya Aidarus ililia akiwa barazani.

"Mzee, samahani. Ninaye hapa kaka yangu Kazungu, ndiye anayelima shamba la mama. Amenunua dawa ya majani kwa ajili ya mahindi. Ataka kupiga kila mahali, mpaka kwenye mipaka. Mimi nimesema mpaka nimechoka, hanisikii mimi. Wewe ni mzee, labda wewe."

Aidarus aliondoka barazani, akaingia uchochoroni penye kimya. Safari hii alijipanga. Kazungu alipopewa simu, Aidarus alimwamkua vizuri, akampa pole ya msiba, kisha akamweleza taratibu, bila kurukaruka. Alimwambia juu ya maua na nyigu, na kwamba wako wanaotaga kwenye mayai ya viwavi wa mahindi vile vile kama wale wa vidukari. Alimwambia apalilie katikati ila aache pembezoni, ayakate tu yasipite magoti. Alimweleza yaliyowapata yeye na Dama. Kazungu hakumkatiza hata mara moja.

"Nimekuelewa, mzee," alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. "Haya uliyosema sikuyajua. Lakini hebu nikuulize nawe. Watoto wangu wote wako mjini. Mke wangu mguu wamsumbua. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na mbili. Hizo pembezoni za kukatwa yasipite magoti, na katikati ya mistari ya kupalilia kwa jembe mara mbili, nani atakata, nani atapalilia? Dawa hii naipiga asubuhi moja peke yangu, nimemaliza."

Aidarus alimfikiria Dama na mgongo wake. Alijifikiria yeye mwenyewe, na ukanda wake mmoja nyuma ya ghala, na asubuhi zake zote ambazo hazikuwa na kazi nyingine.

"Huna hata kijana wa kumwajiri?"

"Yuko Mombasa, mzee. Wote wako huko kwenu."

Upande wa pili wa uchochoro mtoto alikuwa akisoma juzuu kwa sauti madrasani. Aidarus aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Basi pembezoni, angalau kipande kimoja," alisema. "Upande mmoja tu wa shamba. Huo usipige."

"Nitaona, mzee," Kazungu alisema. "Inshallah nitaona."

Wakaagana kwa heshima. Dama alichukua simu akauliza amesemaje, na Aidarus akamwambia kwamba amesema ataona. Dama akamuuliza hali ya Bi Najla, na Aidarus akamwambia hajambo, anakusalimu.